Mshale Uliochorwa Vizuri Mno

Nchi nzima ilihama upande saa kumi na mbili asubuhi, na ilipofika saa saba mchana redio ilikuwa bado inajisifu. Magari yaliyopita kushoto tangu enzi za babu zetu sasa yalipita kulia, na hakuna aliyekufa. Mtangazaji alilirudia hilo kila nusu saa, kwa sauti ya baba aliyepata mapacha. Njia panda ya kiwanda cha sabuni hakuitaja, kwa sababu Mkuu wa Kituo cha polisi alikuwa amempigia simu kumwomba asiitaje.

Katikati ya njia panda hiyo Inspekta alikuwa amechuchumaa, kofia kaivua, pua kaiinamisha karibu na lami. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mitatu, mwenye sifa mbili kituoni: hapandishi sauti, na hanywi chai kabla kazi haijaisha. Nyuma yake Sajenti wake aliyageuza magari kwa mkono mmoja na kula karanga kwa mkono wa pili.

"Afande, mtu atadhani unaunusa."

"Nauangalia. Sogea, unanizibia jua."

Mshale wenyewe ulikuwa mweupe, mrefu kama mtu mzima aliyelala. Mbele yake barabara iligawanyika kupisha tuta la saruji, na kazi ya mshale ilikuwa moja tu, kumwambia dereva apite kulia kwa tuta. Huu ulimwambia apite kushoto, upande wa zamani. Saa moja kasoro robo asubuhi lori la magodoro liliutii, likajikuta linatazamana na basi la wafanyakazi wa kiwanda. Dereva wa lori alikata usukani dakika ya mwisho, basi likamvaa ubavuni, kwenye shehena. Ashukuriwe aliyebuni sponji. Watu ishirini na wawili walitoka kwenye basi wakijipapasa, wengine wakicheka kwa hofu, na aliyeumia kuliko wote alikuwa dereva wa lori, aliyevunjika kifundo cha mkono.

"Wiki tatu mmetuhubiria tusifuate mazoea, tufuate alama," alikuwa amemwambia Inspekta hospitalini, mkono ukiwa kwenye plasta. "Mimi nimefuata alama. Sasa kosa langu liko wapi?"

Hakuwa na kosa. Mwenye kosa, kwa maoni ya wakubwa, alikuwa tayari selo.

Huyo ni Fundi, mzee wa miaka hamsini na minane, msimamizi wa kikosi cha kuchora barabara. Walimkamata saa tatu. Ushahidi wao ulikuwa mambo mawili. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wafanyakazi, alisimama akasema mpango huu ni wazimu na watu watakufa kama kuku. Na kwenye daftari la ukaguzi la njia panda ile kulikuwa na sahihi yake na neno moja: Safi. Gari la makao makuu lilikuwa njiani kuja kumchukua, lifike saa kumi. Kwenye hati waliandika "hujuma", na mtu akishachukuliwa na makao makuu kwa hujuma, mkewe huambiwa asihangaike kupeleka chakula.

Mkewe alikuwa kwenye benchi la kituo tangu saa nne, kifurushi cha nguo mapajani. Inspekta alimpita mara mbili. Mara ya pili yule mama alimshika mkono.

"Mwanangu, mume wangu mdomo wake mchafu, lakini mkono wake msafi."

"Nimekusikia, mama."

"Sikuombi huruma. Nakuomba uende ukaangalie."

Ndiyo maana alikuwa akiangalia.

"Haya," alisema sasa, akijifuta vumbi magotini. "La kwanza. Huenda ni mshale wa zamani, ukasahauliwa kufutwa."

Sajenti alitema ganda. "Wa zamani ulikuwa kule, Afande." Alionyesha ng'ambo ya pili ya barabara, palipokuwa na kiraka cheusi. "Wameupaka lami. Huu ni mpya, hata matairi hayajauchafua."

"La pili. Mtu alikuja akauchora baada ya wao kuondoka."

Hilo Sajenti alilipenda. Alikuwa hata na mtu wake tayari: mwenye gereji hapo jirani, aliyeapa mbele ya wateja kwamba hahami upande hata kwa mtutu wa bunduki. Walimkuta chini ya gari, miguu tu nje.

"Hebu toka tuongee," Sajenti alisema.

Miguu ilisita, kisha mtu mzima akajivuta nje, mafuta hadi masikioni.

"Kama ni yale maneno yangu, nimeyafuta. Asubuhi nimehama kama wenzangu. Nina watoto wanne, jamani, ningefanyaje?"

"Kikosi cha rangi ulikiona?" Inspekta aliuliza.

"Wiki iliyopita, siku nzima walikuwa hapa. Mishale minne, kila upande wa njia panda mmoja. Rangi ikikauka tu, wanaufunika kwa karatasi nyeusi, wanaizungushia utepe wa gundi, juu ya utepe wanapiga mhuri."

"Hukuchungulia?"

Mwenye gereji alijikuna shingo. "Nilijaribu. Mara moja. Ule utepe ukiuinua pembeni, mhuri unapasuka. Nikaogopa, nikaacha."

"Nani alibandua leo?"

"Watu wa zimamoto, alfajiri. Nilisimama nao. Walikagua mhuri mmoja mmoja, yote mizima. Waulizeni."

Sajenti aliwauliza kwa simu palepale, na zimamoto wakasema hivyohivyo. Alipoikata simu uso wake ulikuwa umemshuka.

"Basi mshale ulichorwa kabla ya kufunikwa. Ni kikosi chenyewe. Ni mzee, Afande."

"Au ni mwingine kikosini," alisema Inspekta. "Twende tukaione mingine mitatu."

Aliikagua mmoja baada ya mwingine, akipitisha kidole pembeni ya rangi. Yote mitatu ilielekea kulia, kama ilivyotakiwa. Na yote mitatu kingo zake zilikuwa zimevuja, rangi imetambaa nje na kuacha ndevundevu. Alirudi kwenye ule wa nne, wa kushoto. Kingo zake zilikatika kama kwa wembe.

"Sajenti, wewe ungetaka kuua watu kwa mshale, wenzako wako hatua kumi kutoka ulipo, ungechoraje?"

"Harakaharaka, nikimbie."

"Huyu hakukimbia. Kati ya minne, huu ndio uliochorwa vizuri kuliko yote. Vizuri mno." Alitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika tano. "Washa gari. Na upite kulia, tafadhali."

Yadi ya kikosi ilikuwa nyuma ya ofisi za barabara: sakafu ya saruji, mapipa ya rangi, geti upande wa kulia na choo upande wa kushoto. Wachoraji watatu walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kimya, wakisubiri nao wakamatwe. Mtunza stoo, mama mnene mwenye funguo kiunoni kama njuga, aliwapitisha wageni hadi ndani.

"Mshale wa kupinda mliuchoraje?" Inspekta alimuuliza.

"Kwa bati hili." Alilivuta kutoka nyuma ya rafu. Ni bati pana lililotobolewa tundu lenye umbo la mshale: unalilaza chini, unapitisha rola ya rangi, unaliinua, mshale umebaki barabarani. "Lilikuwa moja tu. Njia panda ya sabuni ndiyo kazi yake ya mwisho. Kesho yake tukaletewa kibao cha mbao, hili likastaafu."

"Baada ya hapo nani aliligusa?"

"Bila mimi kuandika? Hata nzi."

Inspekta alilipeleka mlangoni penye mwanga. Jua na mwendo wa rola vilikuwa vimelikunja bati hilo likawa kama kiganja cha mtu anayeomba maji. Uso wa juu ulikuwa na rangi nene. Alikwangua pembeni kwa kisu kidogo, tabaka zikaonekana moja juu ya nyingine, akahesabu mpaka kumi na nne akachoka. Akaligeuza. Uso wa chini nao ulikuwa na rangi. Akakwangua tena. Tabaka moja.

"Afande?" Sajenti alisogea achungulie.

"Usiseme kitu chochote hadi nikuambie. Na weka hizo karanga mfukoni."

Alilibeba bati mwenyewe hadi uwanjani, akalilaza kwenye saruji mbele ya wale watatu. Pembe zake zilisimama juu, hazikugusa sakafu.

"Mimi sijui kazi yenu," alisema kwa upole. "Nifundisheni. Bati likijikunja hivi, rangi haivuji chini?"

Walitazamana. Mkubwa wao alijikohoza.

"Inavuja, mama. Tunalikanyaga."

"Wengine tunaweka mawe," alisema wa pili.

Wa tatu alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia matusi. Alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka thelathini na kitu. Ovaroli za wenzake zilijaa madoa, ya kwake ilikuwa imepigwa pasi.

"Wewe hukubali," Inspekta alimwambia.

"Huyo ni Mistari," alisema mkubwa wao. "Huyo hata uji anaunywa kwa rula."

"Kukanyaga ni uchafu," Mistari alisema. Hakujizuia. "Unakanyaga huku, linainuka kule. Siku ile saa tisa jua lilikuwa kali, mishale mitatu imeshavuja, inatia aibu. Wenzangu wakaenda kuchukua karatasi, nikabaki na wa mwisho. Bati lina akili yake. Ukilifuata linavyotaka, linalala lenyewe."

"Nionyeshe."

"Hapa?"

"Hapa. Kwanza nielekeze, likilala hivi lilivyo, mshale utaelekea wapi?"

"Getini." Mistari alionyesha kulia bila kufikiri.

"Haya. Chora kama ulivyochora siku ile."

Mtunza stoo aliwamwagia rangi kwenye sinia. Mistari alikunja mikono ya ovaroli, akalishika bati kwa ncha za vidole, akalipindua kwa ustadi, kama mama anayegeuza godoro la mtoto. Pembe zilizosimama sasa zilishuka, bati likabana sakafu pande zote. Alipitisha rola mara mbili, polepole, ulimi katikati ya meno. Akaliinua.

Kingo zilikatika kama kwa wembe.

"Aisee, safi!" ilimtoka Sajenti.

Mistari alitabasamu. Alikuwa bado anatabasamu wakati mtunza stoo aliposema, "Mbona unaelekea chooni?"

Wote waliinamisha vichwa. Mshale mweupe, mzuri, ulipinda kushoto na kuelekea choo bila aibu. Mistari aliutazama, akalitazama bati, akalipindua tena hewani, tundu likaelekea geti. Akalipindua mara ya pili. Choo. Kisha akakaa chini kwenye saruji, kwenye rangi mbichi, na ovaroli yake ya pasi.

"Mungu wangu. Ni mimi."

"Siku ile hukuuona?"

"Nilikuwa natazama kingo, Afande. Na ule mshale... ulielekea kule ambako mishale imeelekea maisha yangu yote. Ulionekana sawa kabisa. Hata leo nilipoambiwa, nikasema kuna mtu kauharibu mshale wangu. Nimemlaani huyo mtu tangu asubuhi."

"Na Fundi alipokagua?"

"Aliinama, akapitisha kidole pembeni, akasema safi. Akanipigapiga begani." Machozi yalimtoka. "Yule mzee ni mume wa dada yangu. Dada yangu yuko kituoni kwenye benchi, na mimi nimekaa hapa nalaani watu."

Sajenti alimvuta Inspekta pembeni, macho yamemtoka.

"Afande, shemeji na shemeji! Makao makuu wakisikia watasema njama ya ukoo mzima."

"Heri tumemwacha achore kwanza, ukoo tukaujua baadaye. Mtu aliyefanya hujuma hakuonyeshi mbele ya mashahidi watano alivyoifanya, akaja akajisifia kingo." Alimgeukia mtunza stoo. "Andika kwamba nimelichukua bati hili. Saa nane na dakika hamsini."

Mkuu wa Kituo hakupenda kutolewa ofisini, na jua la saa tisa hakulipenda zaidi. Alisimama njia panda ya sabuni mikono kiunoni.

"Inspekta, bati ni bati. Nitajuaje ni hili?"

"Angalia ncha ya tundu, Mkuu. Ina pengo dogo, limemeguka."

"Naliona."

Inspekta alililaza bati juu ya mshale kama lilivyotakiwa kulala. Halikuingiana, ncha ya tundu iliangukia lami tupu. Akalipindua, akalisogeza vidole viwili. Tundu lilikaa juu ya mshale kama kifuniko na sufuria yake, na pale pengo lilipokuwa, mshale wenyewe ulikuwa na kijino cha rangi kinacholingana nalo. Aliligeuza aonyeshe tabaka zaidi ya kumi na nne upande mmoja na mbili upande wa pili, moja ya siku ile na moja ya leo ambayo Mkuu angeweza kuigusa ikamchafua kidole. Mkuu aliigusa. Ikamchafua.

Akavuta pumzi ndefu sana, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mabega yake yakashuka. Kumbe naye alikuwa na hofu. Alichukua simu.

"Hallo. Ile gari yenu irudi... Hapana, hapana hujuma. Ni makosa ya kazi." Alisikiliza. "Wanauliza mhusika mkuu ni nani."

"Waambie ni bati," alisema Inspekta.

"Nitawaletea taarifa kwa maandishi," Mkuu aliwaambia, akakata kabla hawajauliza zaidi.

Fundi alikuwa amekaa selo mgongo ukutani, viatu bila kamba. Hakusimama mlango ulipofunguliwa.

"Wamefika?"

"Wamerudishwa," Inspekta alisema. "Ulijua lini kwamba bati lilipinduliwa?"

Mzee alijiegemeza vizuri ukutani.

"Saa tano hivi. Nilifumba macho nikauona mshale wote, nikaona kingo, nikajua. Bati lililokunjika vile halitoi kingo zile ila limepinduliwa."

"Na ukakaa kimya."

"Ningesema nini, Afande? Ningemtaja kijana wa watu, ambaye ni shemeji yangu, mngeandika wawili badala ya mmoja. Mke wangu angeleta vifurushi viwili. Na sahihi ni yangu. Nilitumwa kukagua mshale, nikakagua kingo." Aliangalia mikono yake. "Wao walikosea kunishika kwa maneno yangu. Lakini kosa lenyewe nilikuwa nalo."

"Utalijibu ofisini kwenu, si hapa. Watakukata siku chache za likizo. Inuka, mzee wangu. Mama anakusubiri."

Kwenye benchi, yule mama alipomwona mumewe anatoka akiburuta viatu, hakupiga vigelegele wala kukimbia. Alifungua kifurushi, akatoa shati safi, akamkabidhi. Ndipo akalia kwa sauti mbele ya polisi wote, na Fundi akamshika kichwa kifuani. "Niletee chai," Inspekta alimwambia Sajenti. Sajenti alishangaa kidogo, kisha akakimbia.

Nje ya geti la kituo Mistari alikuwa amesimama, matako yamejaa rangi nyeupe, mikono ameinyoosha mbele kama anayesubiri pingu. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe kwa miguu.

Fundi alimwona. Alimwachia mkewe, akamwendea moja kwa moja, na alipomfikia akainua mkono juu. Inspekta alipiga hatua. Mkono ule ulitua shingoni kwa Mistari, ukamvuta mpaka vipaji vya nyuso zao vikagongana.

"Shemeji, nisamehe," Mistari alisema. "Sitagusa rola tena. Naapa."

"Utaigusa leo. Ule mshale bado uko pale unadanganya watu, na jua linazama baada ya saa mbili. Unadhani nani atauchora?"

"Wewe, Fundi."

"Mimi natetemeka, hebu tazama." Alimwonyesha vidole, na kweli vilitetemeka. "Utachora wewe. Mimi nitasimama mbele yako na kukuonyesha kulia ni wapi."

Mistari alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na dada yake akawakamata wote wawili kwa mikono, mmoja huku na mmoja huku, akawapeleka kwenye gari la rangi.